Skwota wa Kualikwa

Kati ya maneno ya sheria ya ardhi yaliyoingia Kiswahili cha Kenya, sioni lililozoeleka kama "skwota". Hati miliki tunaitaja kwa adabu, mambo ya rehani tunawaachia mawakili na benki, lakini skwota ni neno la matatu, la soko na la kampeni. Njoro, Bahati au Subukia utamsikia mtu akilitumia kumdharau jirani, na kesho yake utamsikia mwingine akijiita hivyo mwenyewe mbele ya chifu, kwa sauti ya mtu anayedai chake. Maana yake ya kawaida haina utata: skwota ni anayekaa kwenye ardhi ya mwingine bila idhini. Tatizo ni kwamba maana hiyo haimfai skwota wa kwanza wa Bonde la Ufa. Yeye hakuingia bila idhini. Alialikwa, mara nyingine alitafutwa hadi kwao, akatia dole gumba kwenye karatasi, akaonyeshwa pa kujenga na pa kulisha mbuzi wake. Kisha akaitwa mvamizi.

Neno lilikuwa limesafiri sana kabla ya kufika huku. Mzizi wake ni kitenzi cha Kiingereza cha kuchuchumaa, na anayechuchumaa hajaketi. Akifokewa huinuka na kwenda zake. Waliolifanya neno la ardhi ni Wamarekani, mwishoni mwa karne ya 18, walipowaita hivyo watu waliokata miti na kujenga vibanda mahali ambapo serikali ilikuwa haijapima wala kuuza. Lilikuwa tusi. Lakini watu hao walikuwa wapiga kura, na kura zikiingia katika jambo la ardhi matusi hupoa haraka. Mwaka 1841 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumpa skwota nafasi ya kwanza ya kununua ekari hadi 160 alizokuwa akizikalia, kwa dola 1.25 kila ekari. Wenyeji wa asili waliokuwa kwenye ardhi hiyo kabla yake hawakuulizwa, wala hakuna aliyefikiri kuwaita maskwota. Zamu hiyo ilikuwa bado.

Australia neno lilipanda cheo zaidi. Wafuga kondoo walioivuka mipaka ya makazi iliyowekwa na serikali ya New South Wales walianza wakisemwa kama wezi. Mwaka 1836 serikali ikaona heri iwatoze leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Kufikia 1847 wakaruhusiwa kukodi malisho kwa mikataba ya hadi miaka 14. Na baada ya hapo wakawa tabaka la mabwana. Katika "Waltzing Matilda", wimbo wa 1895 ambao Waaustralia wanaupenda karibu kama wimbo wa taifa, skwota ndiye tajiri anayefika juu ya farasi, na masikini ndiye aliyemwiba kondoo. Mkenya akielezwa hadithi ya wimbo huo kwa mara ya kwanza hudhani mtunzi amewachanganya wahusika.

Afrika Kusini ndiko neno lilikopinduliwa. Huko skwota akawa mtu mweusi anayeishi kwenye shamba lililoandikishwa kwa jina la Mzungu, akilipa kwa jasho lake au kwa sehemu ya mavuno, mara nyingi kwenye ardhi ambayo babu yake aliilima kabla ya shamba kuwa shamba. Sheria ya ardhi ya 1913 ililenga kuwageuza watu wa namna hiyo kuwa vibarua tu. Na ni kutoka kusini huko ambako walowezi wengi wa mwanzo wa Bonde la Ufa walitoka. Msafara wa Makaburu ulioongozwa na Van Rensburg mwaka 1908 ulishuka meli Mombasa, ukapanda reli hadi Nakuru, ukaunganisha magari ya maksai hapo na kuelekea Uasin Gishu. Waliteremsha majembe, mbegu, Biblia na istilahi zao. Kwa hiyo Nakuru ilipolipokea neno hili, lilikuwa tayari na tabia yake: kwa Mzungu asiye na hati lilikuwa kituo cha njiani kuelekea kwenye hati, na kwa Mwafrika lilikuwa mwisho wa safari.

Lakini kwanza ilibidi ardhi ichukuliwe kutoka kwa waliokuwa nayo. Mwezi Agosti 1904 Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, pamoja na viongozi wengine wa Wamaasai waliweka alama kwenye mkataba na kamishna wa Uingereza, Sir Donald Stewart. Kwa mkataba huo Wamaasai walihama malisho ya Naivasha, Nakuru na kandokando ya reli, wakagawanywa kati ya Laikipia na kusini. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo mapya yangekuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913, mahakama ilisema kwamba makubaliano kati ya Mfalme na Wamaasai ni mambo ya dola na dola, hayahukumiki katika mahakama ya kawaida. Yaani Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa la kigeni kwa kiasi cha kutosha tu kuwanyima kesi.

Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1903 Lord Delamere alipata ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Ekari laki moja ni nyingi kwa mtu mmoja na watu wa nyumbani kwake, hata kama mtu huyo ni bwana mkubwa wa Uingereza. Shamba la ukubwa huo bila watu ni pori lenye ramani. Ngano ilitaka mikono, kondoo walitaka wachungaji, pareto baadaye ilitaka vidole vingi zaidi. Kwa hiyo walowezi wakawaita watu. Wakikuyu walitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Wanandi na Wakipsigis walishuka na ng'ombe wao. Familia nzima zilihamia Njoro, Elburgon, Molo, Solai, Dundori, Naivasha. Wengine walikimbia kodi ya kibanda na kazi za kulazimishwa na machifu wa rizavu, yaani maeneo yaliyotengewa Waafrika. Wengine walikuwa nyumbani kwao ni ahoi, watu wanaolima ardhi ya ukoo mwingine kwa hisani. Na wengine hawakukimbia chochote. Walikuwa na mifugo na waliona malisho.

Nadhani hapa ndipo kutoelewana kulipoanza, na pande zote mbili zilikuwa na mantiki yake. Katika desturi ya Wakikuyu kuna njia inayoheshimika ya kuwa mwenye ardhi: kuwa wa kwanza kufyeka msitu. Anayefungua pori ndiye mwanzilishi wa githaka, ardhi ya ukoo, na watoto wake hawaitwi ahoi wa mtu. Mzee aliyefika Molo mwaka 1912, akakuta pori, akang'oa visiki, akazika mama yake hapo, aliona kwamba muda ulikuwa unafanya kazi upande wake. Mlowezi aliyempa nafasi aliona kinyume. Kwake kila mwaka uliopita ulikuwa mwaka wa mkataba uliokwisha. Wote wawili walikuwa wamesimama kwenye ruhusa ile ile, mmoja akiihesabu kuwa ukaribisho na mwingine kuwa mpaka.

Serikali ilimsaidia mmoja wao. Sheria ya 1918 ya wenyeji waishio mashambani ilisema skwota atafanya kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na badala yake familia yake itapata mahali pa kuishi, kulima na kulisha mifugo, pamoja na mshahara ambao kwa kawaida ulikuwa chini ya ule wa kibarua wa mwezi. Siku 180 ndizo husimuliwa zaidi, kwa sababu zinaumiza. Lakini kwa mtu anayefuatilia umiliki, kifungu kizito ni kile cha pembeni: skwota hakutakiwa kulipa kodi ya pango, iwe kwa pesa au kwa mazao. Ukisoma haraka utaona ni huruma. Ukisoma tena utaona mtego, maana anayelipa kodi ya pango ni mpangaji, na mpangaji katika sheria ya Kiingereza ni mtu mwenye haki zake. Hafukuzwi kama mbwa, hupewa notisi, huweza kushtaki. Anayelipa kwa kazi ni mtumishi. Walowezi wenye pesa kidogo waliopenda kuwaachia Waafrika mashamba yao na kukaa wakisubiri malipo walilaumiwa na wenzao kwa kosa hilo hasa: wanawazoesha watu kuwa wapangaji.

Sheria zilizofuata zilibadilisha hata jina. Ile iliyoanza kutumika mwaka 1925 na ile ya 1937 ziliwaita watu hao vibarua wakazi, na ile ya 1937 ikatamka wazi kwamba kibarua mkazi si mpangaji. Sijui kama kuna tabaka lingine la watu nchini mwetu ambalo sheria ilijishughulisha kulieleza kwa kile ambacho silo. Midomoni mwa watu, hata hivyo, "kibarua mkazi" halikushika. Walowezi waliendelea kusema skwota, mahakama na magazeti hivyo hivyo, na wenyewe wakalichukua, wakaliongeza kiambishi, likawa maskwota.

Ni vizuri kukumbuka Mwafrika huyu alikuwa nani kisheria kabla ya kupanda treni. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 ilihesabu kuwa ya Mfalme hata ardhi iliyokaliwa na makabila, na ndiyo iliyowaongezea walowezi mikataba kutoka miaka 99 hadi 999. Mwaka 1921, katika shauri la Isaka Wainaina dhidi ya Murito wa Indangara, lililohusu ardhi ya Kiambu, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba haki zozote walizokuwa nazo wenyeji zilikuwa zimefutwa, na kwamba waliobaki juu ya ardhi hiyo ni wapangaji wa hisani wa Mfalme, wakae mpaka Mfalme atakapobadili nia. Hesabu ikawa hivi: Kiambu ulikuwa mpangaji asiye na muda, ukienda Nakuru unakuwa mtumishi wa mpangaji mwenye miaka 999. Hakuna kituo hata kimoja kwenye reli hiyo ambapo ungeshuka ukiwa mwenye ardhi.

Miaka ya mwanzo, pamoja na hayo yote, haikuwa mibaya kwa kila mtu. Walowezi walikuwa wachache na wengi wao walikuwa na madeni. Maskwota walilima mahindi kuliko mwenye shamba, wakauza, wakaoa, wakajaza mabonde mbuzi na kondoo. Kuna waliokuwa na mifugo mingi kuliko bwana wao. Hilo halikuweza kuachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja kampeni ambayo maskwota wenyewe waliipa jina la kifagio. Mifugo yao ilikamatwa, ikauzwa kwa lazima au ikaondolewa shambani, na aliyekataa aliondolewa pamoja nayo. Ni jina zuri kwa namna ya kutisha. Halitaji polisi, halitaji sheria, linataja chombo kinachotumika asubuhi kuondoa takataka uani, na aliyelibuni alijua amehesabiwa kuwa nini.

Sheria ya 1937 ilipoanza kutekelezwa mwaka 1940, iliwapa walowezi wenyewe, kupitia mabaraza ya wilaya za Nakuru, Naivasha na kwingineko, uwezo wa kupunguza ekari na mifugo ya skwota na kuongeza siku za kazi. Kutoka 180 zikafika 240, mahali pengine 270. Ukiondoa Jumapili na siku za kuugua, zinabaki chache za kujilimia. Watu walianza kukataa kutia dole kwenye mikataba mipya, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukataaji huo ulikuwa umeenea.

Mahali ambapo mgogoro huu ulifikia hatua ya kusemwa waziwazi ni Olenguruone, juu huko kwenye Mau, ndani ya Kaunti ya Nakuru ya leo. Serikali ilifungua makazi hayo mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Wakikuyu waliokuwa wameondolewa sehemu za Wamaasai kama Melili, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa maskwota na baadhi wakitoka katika koo zilizopoteza ardhi Kiambu. Wao walipokea Olenguruone kama fidia: tumenyang'anywa kule, tumelipwa huku, basi hii ni githaka yetu. Serikali ikaleta masharti ya jinsi ya kulima, ya mifugo na ya urithi, kama mwenye nyumba anayempa mpangaji kanuni zake. Wakakataa. Hawakubishana sana kuhusu mazao au matuta. Walijua kwamba kukubali sharti moja tu la kilimo ni kukubali kwamba kuna mwenye ardhi mwingine. Wakala kiapo, na tofauti na viapo vya zamani vya wazee wanaume, hiki kilihusisha wanawake na watoto pia, kwa sababu ardhi ya familia hutetewa na familia. Mazao yao yalifyekwa, nyumba zikachomwa, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakipelekwa Yatta, mahali pakavu wasipopajua. Kiapo hakikufukuzwa pamoja nao. Kilikuwa kimeshashuka Nakuru, Naivasha na Kiambu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya maskwota wa Kikuyu walipakiwa kwenye malori na mabehewa na kurudishwa rizavu, ambako wengine walikuwa hawajawahi kufika tangu kuzaliwa. Tabitha Kanogo, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya maskwota hawa mwaka 1987, aliona mizizi ya Mau Mau ndani ya mikataba hiyo ya mashambani, na sijasoma hoja ya kumshinda.

Uhuru ulipokaribia, ungetarajia neno life. Halikufa, lilipewa ofisi. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, ulinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo na kuwapa makazi takriban familia 35,000, lakini ardhi iliuzwa, haikurudishwa, na asiye na chochote hata mkopo ulimwogopa. Kwa waliobaki kandokando ya barabara na kwenye mashamba yaliyobadilisha wenyewe, serikali iliteua kamishna maalum wa maskwota mwaka 1965, na makazi ya dharura yaliyofunguliwa kwa ajili yao yakaitwa Haraka. Ni miongoni mwa majina machache ya kiserikali ambayo hayakujisumbua kuficha jambo.

Wengine hawakungoja. Walichanga shilingi kwa shilingi kwenye kampuni za kununua mashamba, Ngwataniro-Mutukanio na Nyakinyua zikiwa kati ya zilizovuma zaidi Nakuru, na wakapata cheti cha hisa. Cheti si hati miliki. Kwa miaka mingi mtu aliweza kuwa mwanahisa wa shamba kubwa la mlowezi na bado asijue ni sehemu gani hasa iliyo yake, akilima kipande alichoonyeshwa na kiongozi ambaye kesho angeweza kumwonyesha mwingine. Alikuwa amelipa, alikuwa na risiti, na alikuwa bado amechuchumaa. Na hata waliopata hati waligundua kwamba siasa ina rejista yake nyingine. Katika mapigano ya 1992 Molo na ya mwanzoni mwa 2008 Nakuru na Naivasha, hakuna aliyeulizwa hati kabla ya nyumba kuchomwa. Waliulizwa majina na lugha. Kwa mwenye hati neno la kumfukuzia lilikuwa "mgeni". Na wale waliowaita wengine wageni walikuwa na kumbukumbu yao, ya malisho yaliyochukuliwa mwaka 1904 na kuuzwa mwaka 1964 bila wao kuwepo mezani. Ukisimama kwenye ukingo wa Menengai na kutazama chini, ni vigumu kuonyesha shamba moja ambalo lina mdai mmoja tu.

Nimelifikiria zaidi jambo la ruhusa kwa sababu ya sheria nyingine ambayo bado inafanya kazi kila siku mahakamani. Sheria ya Muda wa Kuwasilisha Mashauri, Sura ya 22, inasema kwamba mwenye ardhi akikaa miaka 12 bila kumtoa mtu anayeikalia, haki yake ya kuidai inakwisha, na huyo mkaaji anaweza kuiomba mahakama imwandikishe kuwa mwenyewe. Asili yake ni Uingereza, ambako muda huo ulikuwa miaka 20 kabla ya kupunguzwa hadi 12 mwaka 1874. Watu wengi wanaifahamu sheria hii nusu nusu: wanajua hesabu ya miaka. Hawajui masharti yanayoandamana nayo, ambayo majaji wetu huyarudia kwa Kilatini cha Warumi: uwe umekaa bila nguvu, bila kificho, na bila ruhusa.

Bila ruhusa. Hapo ndipo skwota wa kualikwa anapokwama. Mjukuu wake akifika mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Nakuru, akaulizwa familia iliingiaje kwenye shamba hilo, jibu analolionea fahari ndilo linalomwangusha: babu hakuvamia, babu aliruhusiwa na Mzungu, akaonyeshwa hapa kwa mkono. Kwa mtu wa kawaida huo ni ushahidi wa heshima. Kwa sheria ni kukiri kwamba miaka yote hiyo, hata iwe 60, haikuanza kuhesabiwa, kwa kuwa anayekaa kwa idhini hamkalii mtu kinyume. Jirani yake aliyeruka ua usiku mwaka 2001, akajenga, akapanda migomba na kumwambia mwenye shamba asogee, ana kesi nzuri zaidi. Wanasheria wanaweza kueleza kwa nini ni lazima iwe hivyo, na maelezo yao yana akili: tusipotofautisha mvamizi na mgeni, hakuna atakayethubutu kumkaribisha mtu. Naielewa hoja. Bado naona kwamba katika nchi ambayo ukaribisho wenyewe ulitungwa na mmoja ili umfunge mwingine, kanuni hiyo inalipa udhalimu wa zamani riba kila mwaka.

Na mtu aliyekalia ardhi ya serikali, kanuni hiyo ya miaka 12 haimfikii kabisa, kwa ruhusa au bila ruhusa; kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinaikinga. Mlango huo umefungwa kwa kila aliyeko kwenye msitu wa serikali.

Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya 2012 liliamua hatimaye kumfafanua skwota. Likaandika kwamba ni mtu anayekaa kwenye ardhi ambayo kisheria ni ya mwingine bila ridhaa ya mwenyewe. Ni fasili safi, ingefaa kwa kamusi yoyote ya Kiingereza. Kifungu cha 134 cha sheria hiyo kinaweka mpango wa makazi kwa ajili ya maskwota pamoja na waliohamishwa na majanga, miradi na mapigano. Matokeo yake ni kwamba wale ambao historia ya Nakuru iliwaita maskwota kwa nusu karne, waliokuwa na mkataba, kipande na ridhaa ya mwenye shamba, hawaingii kwenye fasili inayotumika kuwafidia watu kwa jina lao.

Halafu kuna ambao hawakuingia wala hawakualikwa, walikutwa. Pwani hali hiyo ni ya kawaida, tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipoiandikisha sehemu kubwa ya ukanda wa Sultani wa Zanzibar kwa wachache, na vijiji vizima vya Wamijikenda vikaamka vikiwa ni vya maskwota wanaolipa ijara juu ya makaburi ya babu zao. Katika Bonde la Ufa waliokutwa ni Waogiek wa Mau, wanaoishi sehemu kama Nessuit na Mariashoni, juu ya Njoro na Elburgon. Mwaka 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, ambayo tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki zao, ikiwemo haki ya ardhi yao ya mababu. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, na muhimu zaidi, ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka na iandikishwe kwa umiliki wa pamoja. Amri ya kupima ni nzito kuliko pesa, kwa sababu inasema kwamba msituni kulikuwa na mwenyewe wakati wote ambapo serikali ilikuwa ikitafuta wavamizi. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, wengine walifurushwa upande wa Maasai Mau, Narok.

Mikataba ya miaka 999 nayo imepunguzwa. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kushika ardhi ya Kenya kwa zaidi ya miaka 99, na mikataba yote mirefu ya wasio raia ilikatwa hadi hapo siku Katiba ilipoanza kutumika. Kwa hiyo kuna mashamba ambayo sasa yana tarehe ya mwisho, 2109, ambayo mtoto aliyezaliwa Nakuru mwaka huu anaweza kuifikiria bila kucheka.

Siku hizi, serikali inapotangaza kwamba shamba fulani litagawiwa, kitu cha kwanza kinachoundwa ni orodha, na ugomvi wa kwanza ni nani anastahili kuwemo. Wanasiasa na maofisa wana msemo wao: "maskwota halisi". Kamati ya kaunti ndogo huketi kuwachuja. Chifu huandika barua kuthibitisha kwamba mwenye kuileta ni skwota wa kweli wa sehemu hiyo, si wa kuja juzi. Vibanda vya mabati huota usiku mmoja pembezoni mwa shamba, na wazee wa eneo hupita wakionyesha ni kipi cha mwaka jana na ni kipi cha wiki hii. Watu wenye nyumba mjini na kazi serikalini wamewahi kusemwa kwamba majina yao yamo. Orodha ikishabandikwa, asiyeliona jina lake huanza kupanda ngazi za ofisi moja baada ya nyingine, akiwa na bahasha ya karatasi za babu yake mkononi, kudai kwamba skwota ni yeye, na kwamba waliomo ni wavamizi.